Yusufu Alikataa Kutoka: msamaha na mtu aliyefungwa bila kosa

Jumapili moja niliingia katika gereza fulani huku magharibi mwa Kenya pamoja na kwaya ya kanisa letu. Tuliacha simu langoni, tukapekuliwa, tukahesabiwa, kisha tukaimba. Ilipofika Sala ya Bwana, mzee mmoja wa safu ya mbele alisali kwa sauti nzito mpaka "utusamehe deni zetu", akanyamaza. Wenzake wakaendelea: "kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Akajiunga nao tena kwenye "usitutie majaribuni". Baadaye kasisi wa gereza alinieleza kwamba mzee huyo ameruka mstari ule kwa miaka mingi. Anasema kesi yake aliwekelewa, na hataki kumdanganya Mungu mbele ya mashahidi.

Sijui kama kweli aliwekelewa. Watu hupenda kusema kwamba jela nzima haina mwenye kosa, eti kila mmoja atakuapia. Mimi niliokutana nao wengi wao hukubali walichofanya, tena bila kuulizwa. Lakini tunajua wapo waliofungwa bure, kwa sababu Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa hufuta hukumu na kuwaachilia watu ambao wameshakaa ndani miaka. Watu hao tunawahubiria kwa neno moja, msamaha, na ndani ya neno hilo kuna mambo matatu yasiyofanana. Nikiwa kwenye matatu ya kurudi Kisumu niliona kwamba huenda mzee yule amelielewa neno hilo kutushinda sisi tuliokwenda kumwimbia.

Kabla ya kuuliza nani asamehewe, ni vizuri kuona jinsi mtu asiye na kosa anavyofika katika gereza la Kodiaga, au Kibos, au Naivasha.

Tuseme ni kijana wa boda boda wa mtaa wa Kondele, Kisumu. Usiku mmoja nyumba inavamiwa mtaa wa Nyalenda, mwenye nyumba anakatwa panga, simu na pesa zinachukuliwa. Aliyevamiwa alimwona mwizi kwa nukta chache, kwa mwanga wa tochi ambayo mwizi mwenyewe ndiye aliyeishika. Siku tatu baadaye anamwonyesha polisi kijana wetu stejini. Hasemi uongo. Anaamini kabisa anachosema, na ndiyo maana ushahidi wake unaua. Hatari hii mahakama zetu zimeijua tangu zamani. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa shahidi mmoja wa kumtambua mtu unapaswa kupimwa kwa uangalifu mkubwa, hasa pale mazingira ya kumtambua yalipokuwa magumu. Onyo hilo bado linanukuliwa mahakamani hadi leo, na bado kuna kesi ambamo linanukuliwa halafu linarukwa.

Kijana anashtakiwa kwa wizi wa kutumia nguvu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mshtakiwa wa mauaji hupelekwa Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi serikali imemlipia wakili asipokuwa na uwezo. Mshtakiwa wa wizi wa kutumia nguvu, anayekabiliwa na kitanzi kilekile, husomewa mashtaka mbele ya hakimu, na kwa miaka hiyohiyo alijitetea mwenyewe, akiuliza mashahidi maswali ya kubahatisha huku dadake analia kwenye benchi la nyuma. Katiba ya 2010, ibara ya 50, ilisema mtu apewe wakili wa serikali ikiwa bila wakili atadhulumika pakubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ikafuata mwaka 2016. Waliohukumiwa kabla ya hapo walishahukumiwa.

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya watu 4,000 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine 2,747. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kumpa nafasi ya kupima ni kinyume cha Katiba, na 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji peke yake. Kwa aliyefanya kosa, mabadiliko hayo ni neema. Kwa kijana wetu yanamaanisha tu kwamba atazeeka.

Halafu kuna njia ndogo, isiyotajwa magazetini, ambayo nadhani imefunga watu wasio na kosa wengi kuliko panga la Nyalenda. Mtu anakamatwa kwa jambo dogo. Bondi imemshinda. Kesi inaahirishwa: leo shahidi hakufika, kesho faili haionekani. Rumande mwenzake anamwambia, kubali tu, utapigwa miezi mitatu uende nyumbani, ukikataa utakaa hapa mwaka. Anakubali. Chini ya kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, aliyekiri kosa mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe. Anachoweza kulalamikia ni adhabu. Amejifunga kwa ulimi wake, na akija kumtafuta wa kumsamehe atajikuta naye yumo kwenye orodha.

Turudi kwenye neno.

Msamaha wa kwanza ni ule wa moyoni: kuacha kisasi, kuacha kumtakia mtu mabaya, kulala usiku bila kumwona yule shahidi akitembea juu ya dari. Huu ni kati ya mtu na Mungu wake. Hauhitaji karatasi wala ruhusa ya mtu mwingine. Nimewasikia waliotoka wakisema waliufanya kwa ajili ya tumbo lao, kwa sababu vidonda vya tumbo vilikuwa vinawamaliza, na mimi siudharau msamaha wa namna hiyo.

Wa pili ni wa mwenye dai. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka huku kwetu imetumia neno zuri sana katika sala ile, deni. Mwenye duka anaweza kukufutia deni, lakini hafuti bila kufungua daftari. Anasoma: unga kilo nne, sabuni, mafuta ya taa, halafu anakata mstari. Deni lisilojulikana ni kiasi gani halijafutwa, limesahauliwa tu. Kumwambia mtu "samehe" kabla yeyote hajakubali kwamba alidhulumiwa ni kumtaka afute ukurasa ambao bado haujaandikwa.

Wa tatu ni wa Rais. Ibara ya 133 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kumsamehe aliyehukumiwa, kumpunguzia adhabu au kuibadilisha, kwa ushauri wa kamati maalumu. Kamati hutazama uzito wa kosa, muda aliokaa ndani, mwenendo wake tangu ahukumiwe. Ni kazi njema, lakini hapo si mahali pa kusikiliza kesi upya, na msamaha wake unaanza na neno kosa. Ikifika sikukuu ya Jamhuri magazeti yanaandika "Rais awasamehe wafungwa", na ndani ya kundi hilo anaweza kuwamo mtu anayejiuliza amesamehewe nini hasa. Mlango wa kusema "sikufanya" uko kwingine, ibara ya 50(6), ambapo Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru kesi isikilizwe upya ikiwa rufaa zimekwisha, au muda wake umepita, na umepatikana ushahidi mpya wenye uzito. Kuutafuta ushahidi huo ukiwa nyuma ya ukuta, bila simu, miaka kumi na miwili baada ya tukio, mtu ajaribu mwenyewe.

Tazama mtego uliopo hapo. Mahakamani, kabla ya adhabu kutolewa, mshtakiwa huulizwa kama ana la kusema, na kinachopunguza adhabu ni majuto. Afisa wa probesheni akija, huandika kama mtu anajuta. Anayesema "nilikosea, nisameheni" anaonekana amerekebika. Anayesema "sikufanya" anaonekana sugu. Kwa hiyo mwenye kosa anayo njia ya toba, nayo ni nyeupe. Asiye na kosa akitaka kupita njia hiyo, sharti aseme uongo kwanza.

Ndiyo maana Yusufu ananivutia. Katika Mwanzo, yeye mwenyewe anamwambia mnyweshaji wa Farao, mfungwa mwenzake, kwamba hakutenda neno lolote la kumfanya atiwe gerezani, na anamwomba amkumbuke. Mnyweshaji anasahau, miaka miwili mizima. Lakini ni katika Kurani, Sura ya 12, ambapo jambo linakaa wazi zaidi, na wahubiri wetu Wakristo wangefanya vizuri kumkopa sheikh jirani kwa aya hizo. Mfalme anatuma mjumbe, Yusufu aletwe. Lango limefunguliwa. Yusufu anakataa kutoka. Anamrudisha mjumbe aende akamuulize bwana wake habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Mfalme anawaita, anawahoji, na mke wa Aziz, yule aliyemsingizia Yusufu, anakiri kwamba sasa haki imedhihirika, ni yeye aliyemtaka. Baada ya hapo ndipo Yusufu anatoka. Na miaka baadaye, ndugu zake wakiwa wamesimama mbele yake na wamekiri makosa yao, anawaambia hapana lawama juu yao siku hiyo.

Kwanza jina, kisha mlango, kisha msamaha. Sikuwahi kuhubiriwa mpangilio huo, na nimekaa kanisani tangu nikiwa mgongoni mwa mama.

Ukishauona, unauona kwingine. Paulo na Sila wanapigwa viboko Filipi na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa. Usiku tetemeko linafungua milango. Wao wanabaki, wanamwokoa askari jela asijiue, wanakula mezani kwake. Chuki hawana. Asubuhi wakubwa wa mji wanatuma watu: waacheni waende zao. Paulo anakataa. Tumepigwa hadharani, anasema, sasa mnatutoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na wakubwa wakaja, wakawasihi. Hata Ayubu: marafiki zake walikaa naye siku saba, kisha wakaanza kumweleza kwamba lazima kuna kitu alifanya. Mwisho wa kitabu Mungu anawaambia marafiki hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena, anawaamuru waende kwake na sadaka, na Ayubu anawaombea. Sijaona mahali Ayubu alipoambiwa awaombee kabla ya wao kuambiwa walikosea.

Najua jibu. Yesu msalabani aliomba wasamehewe waliokuwa wakimtesa, na hakuna aliyekuwa ameungama. Ndiyo. Lakini aliomba akisema hawajui watendalo, yaani alilitaja kosa na akataja na kiwango cha ujuzi wao. Na ni Yesu huyo huyo, katika Luka 17, anayesema ndugu yako akikosa mwonye, akitubu msamehe. Mtu anaweza kupenda kupanda mpaka kwenye msalaba, na wapo waliopanda. Kumpandisha mwenzako kwa nguvu ni jambo jingine, hasa ikiwa wewe unarudi nyumbani kula chapati baada ya ibada.

Kwa upande wa Waislamu mafundisho yanayosikika misikitini yamekaa kisheria zaidi: kuna haki ya Mungu na kuna haki ya mja, na dhuluma uliyomfanyia mja haifutwi kwa kuswali sana, mpaka yeye mwenyewe akuhalalishie au umrudishie. Sura ya 42 inasifu anayesamehe na kusuluhisha, malipo yake yako kwa Mungu, na hapohapo inasema anayejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama. Vyote viwili vimekaa aya kwa aya.

Sasa, huyo wa kusamehewa ni nani? Shahidi aliyekosea kwa hofu si sawa na aliyeuza uongo kwa ajili ya shamba. Askari aliyemwekea mtu misokoto ya bangi mfukoni anajua alichofanya. Hakimu aliyekuwa na mafaili arobaini siku hiyo pengine hata hakumbuki. Ndugu aliyeuza ng'ombe za mfungwa akidai za wakili, kisha wakili asionekane, huyo mara nyingi ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu yeye atakaa naye mezani Krismasi. Na serikali je? Serikali haina moyo wa kutubu, lakini ina mdomo wa kuomba radhi na ina mfuko.

Nakuru wanaijua habari hii. Mama Monica Wangu Wamwere wa huko alikuwa miongoni mwa akina mama walioketi Uhuru Park, Nairobi, kuanzia Februari 1992, pamoja na Wangari Maathai, wakigoma kula ili wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Polisi waliwapiga. Akina mama wakavua nguo, laana ambayo kila Mkenya anaielewa bila tafsiri. Wakakimbilia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo miezi mingi, wakisali na kudai kwa pumzi ileile, hadi wana wao walipoanza kuachiliwa. Mwanawe, Koigi wa Wamwere, alitoka mapema 1993, na kabla mwaka kwisha akakamatwa tena, akafunguliwa mashtaka Nakuru kuhusu uvamizi wa kituo cha polisi cha Bahati. Oktoba 1995 akahukumiwa miaka minne na viboko sita, katika kesi ambayo mashirika ya haki za binadamu yaliiita ya kubuni. Mama angeambiwa nini wakati huo? Samehe yaishe? Ilikuwa haijaisha.

Tarehe 26 Machi 2015 Rais Kenyatta alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Wengine walilia kwa furaha. Wengine wakauliza pesa ziko wapi, na hao wakaambiwa hawana roho ya msamaha.

Kwa mtu wa kawaida, fidia ina njia zake, na si nyepesi. Kuachiliwa peke yake hakutoshi. Kwanza, kuna kuachiliwa na kuachiliwa: kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ileile ya mwenendo wa kesi za jinai, mtu anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile kesho. Rufaa ikishinda, jaji husema upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi bila shaka, na kwamba mtu aachiliwe "isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali". Maneno "huyu hakufanya" ni nadra kuyasikia. Pili, anayedai alishtakiwa kwa chuki lazima aonyeshe mambo manne, ambayo mahakama zetu zimekuwa zikiyarudia tangu kesi ya Murunga dhidi ya Mwanasheria Mkuu ya 1979: kwamba anayedaiwa sasa ndiye aliyeanzisha kesi ile, kwamba iliisha kwa faida ya mdai, kwamba haikuwa na sababu ya maana, na kwamba ilisukumwa na nia mbaya. Hapo kwenye nia mbaya ndipo wengi wanaanguka.

Na kuna kipimo cha muda. Madai ya aina hii dhidi ya serikali yanapaswa kufunguliwa ndani ya miezi 12. Fikiria miezi hiyo 12 ilivyo. Mtu ametoka, mke ameolewa Busia, mtoto hamjui, meno yameisha. Kanisa linamfanyia ibada ya shukrani. Mchungaji anamwita mbele atoe ushuhuda na kutamka kwamba amewasamehe wote, watu wanapiga makofi, na akitaja wakili wazee wanamwambia usifukue. Anakuja kuzinduka mwezi wa kumi na nne. Zipo njia nyingine, ombi la kikatiba kwa kuvunjiwa haki mojawapo, lakini mlango mmoja umeshafungwa, na waliousukuma walikuwa wakiimba.

Kijijini pia kuna methali. Panapofuka moshi pana moto. Sijui methali nyingine iliyowaumiza watu hawa zaidi. Marafiki wa Ayubu wangeipenda. Mtu anarudi na karatasi ya rufaa mfukoni, lakini karatasi ni ya Kiingereza na iko mfukoni, moshi uko hewani.

Nilimwona mtu mmoja, katika kaunti ya Kakamega, aliyefanya tofauti. Alipotoka alikataa kutoa ushuhuda kanisani. Alikwenda kwa chifu akaomba nafasi kwenye baraza. Chifu alisita, halafu akakubali, mradi iwe mwishoni, baada ya habari ya mbolea na chanjo ya ng'ombe. Mwalimu mstaafu akaisoma hukumu ya rufaa, aya baada ya aya, akiifasiri kwa Kiswahili na mahali pengine kwa Kiluhya. Ilichukua karibu saa nzima na mvua ilikuwa inatishia. Aliyetoa ushahidi ule wa kwanza alikuwa ameketi pale chini ya mti wa mvule, kofia mkononi. Mwalimu alipofika mahali jaji anaposema mwanga haukutosha kumtambua mtu, alisimama akasoma sentensi hiyo mara mbili, bila kuombwa.

Watu wakatawanyika. Yule aliyefungwa alikunja karatasi yake, akavuka uwanja, akamwuliza yule mwenye kofia kama ng'ombe wake wamechanjwa.